Nina laki nne ya lenzi ya pili: 50mm, 24mm au 55-250mm?

Binti_Ngamiani
Habari za jioni wakuu. Niko Tanga. Mwezi wa tatu nilinunua Canon 700D ya mtumba, imekuja na lenzi yake ya 18-55mm f/3.5-5.6 IS STM. Mchana nje picha zinatoka safi kabisa. Taabu yangu ni ndani. Majirani wameanza kuniita kwenye shughuli zao: arobaini ya mtoto, siku za kuzaliwa, mikesha ya harusi. Sebule ni ndogo, balbu moja katikati. Kamera inapandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, mpaka 6400 na picha inajaa chenga. Nikiishusha, watu wanatoka wamevutika kama moshi.

Nimejibana nimepata laki nne. Kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja anasema 50mm f/1.8 STM, mwingine 24mm f/2.8 STM, na kaka yangu, ambaye hakosi mpira pale Mkwakwani, anasema nichukue 55-250mm. Ningekuwa wewe, au ungekuwa mimi, ungeanza na ipi?

Kamera_ya_Harusi
50mm f/1.8 bila kufikiri mara mbili, dada. Mimi nimepiga harusi miaka sita na hiyo lenzi haijawahi kutoka kwenye begi langu. Fanya hesabu hii: lenzi yako ukiizumu mpaka mwisho, tundu lake la mwanga ni f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ya 50mm inafunguka mpaka f/1.8, maana yake inapitisha mwanga zaidi ya mara 9. Picha iliyokulazimisha ISO 6400 unaipiga kwa ISO 640 hivi, spidi ya shata (muda wa kuingiza mwanga) ileile. Chenga kwisha. Na sura ya bibi harusi inajitenga na watu waliokaa nyuma yake kwa namna ambayo 18-55 haiwezi kukupa.

Kipepeo_Moshi
Naunga mkono 50mm.

Mzee_wa_Filamu
Binti yangu, karibu kwenye kazi hii. Nakuomba usikimbie kununua kabla hujanisikiliza.

Ushauri wa "anza na 50mm" ni wa zamani na ulikuwa wa kweli kwa wakati wake. Sisi tuliojifunza kwa filamu ya milimita 35, kamera ilikuja na 50mm, na ilitutosha sebuleni, barabarani, msikitini nje, kila mahali. Lakini sensa ya 700D, kile kioo cha ndani kinachopokea picha, ni ndogo kuliko kipande kile cha filamu, na milimita zikiwa nyingi lenzi inaona eneo jembamba zaidi. Ukiifunga 50mm hapo, inaona kama ilivyoona 80mm kwetu, na 80mm ilikuwa lenzi ya kupigia sura ya mtu mmoja. Watu wamerithi ushauri, kamera imebadilika.

Chukua futi upime. Ukisimama mita 3 kutoka kwa watu, 50mm kwenye kamera yako inachukua upana wa mita 1.3 tu. Hao ni watu wawili waliobanana. 24mm palepale inachukua karibu mita 2.8, familia nzima kwenye kochi. Sebule za Ngamiani nazijua, mita 3 mara nyingi ndiyo mwisho wa chumba. Mgongo ukigusa ukuta, lenzi haikusaidii kurudi nyuma.

Kamera_ya_Harusi
Shikamoo mzee. Hilo la upana sibishi, mimi mwenyewe huwa nasimama mlangoni. Ila 24mm ni f/2.8, haijafika f/1.8.

Mzee_wa_Filamu
Marahaba kijana wangu. Kweli haijafika. Lakini picha iliyokata baba wa mtoto nusu haiokolewi na f/1.8.

Nikon_Thika
Hamjambo nyote. Mimi ni wa Nikon, lakini swali ni letu sote. Huku kwetu mwanzoni tunachukua AF-S DX 35mm f/1.8G, iko sokoni tangu 2009. Kwenye sensa ndogo ya Nikon inaona kama 50mm ya mzee wetu, na bado ni f/1.8. Canon hawakuwatengenezea wanafunzi lenzi ya namna hiyo kwa bei ya chini, ndiyo maana dada anahangaika kuchagua kati ya mwanga na upana.

Kwa yeyote mwenye Nikon anayesoma hapa: kamera za D3000 na D5000, na ndugu zao wote wa namba hizo, hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ukinunua 50mm f/1.8D kwa sababu ni rahisi, utazungusha fokasi kwa mkono siku zote. Tafuta iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake ndani ya lenzi. Na zile mpya za AF-P, kwenye D3100 au D5100 hazifokasi kabisa. Mdogo wangu aliuziwa moja dukani hapa mjini, muuzaji akamwambia "itaingia tu". Kuingia iliingia.

Fundi_Vioo
Naomba niingilie upande mwingine wa hesabu, maana naona watu wanalinganisha 24mm na 50mm wakati dada anatakiwa ailinganishe na lenzi aliyo nayo tayari.

Dada, 18-55 yako ikiwa kwenye 24mm, tundu lake liko karibu f/4. Ile 24mm mpya ni f/2.8. Faida yake ni mwanga mara 2. ISO 6400 inashuka mpaka 3200, na kwa 700D ISO 3200 bado ina chenga. Ni lenzi nzuri, nyepesi ya gramu 125, nyembamba kama chapati, inafokasi mpaka sentimita 16 kutoka kwa kitu. Kwa kutembea nayo mjini siipingi. Ila laki zako zinunue unachokosa, na upana wa 24mm hukuukosa, unao.

Mzee amesema kweli kuhusu chumba. Kamera_ya_Harusi amesema kweli kuhusu mwanga. Jibu langu ni kwamba shida ya sebule yenye balbu moja haimalizwi na lenzi. Inamalizwa na flashi. Tafuta flashi ya nje ya kawaida, ile isiyojipimia mwanga yenyewe, unaiwekea nguvu kwa mkono, yenye kichwa kinachogeuka. Usiwaelekezee watu usoni. Igeuze ipige dari au ukuta mweupe, mwanga urudi kwa watu ukiwa umetawanyika. Weka 18-55 yako kwenye f/5.6, shata 1/160, ISO 800, anza nguvu ya robo halafu panda au shuka. Kwenye 700D usipite 1/200 ukiwa na flashi, utapata mstari mweusi chini ya picha.

Kipepeo_Moshi
Nimebadilisha kura yangu.

Binti_Ngamiani
Shikamoo mzee, asanteni wote. Nimepata kitu cha kufikiria. Fundi_Vioo, nyumba nyingi ninazoitwa hazina dari. Ukitazama juu ni mbao na bati. Flashi nikiigeuza juu si mwanga unapotelea huko?

Fundi_Vioo
Unapotea, ndiyo. Bati liko juu mno na halirudishi mwanga sawasawa. Geuza kichwa kwenye ukuta ulio pembeni yako au nyuma yako. Ukuta ukikosekana, mpe mtu ashike shuka jeupe mita moja na nusu kutoka kwenye flashi. Mimi natembea na shuka la kitanda cha futi tano kwa sita tangu nianze kazi, na picha zake wateja wanadhani nina taa za studio.

Mzee_wa_Filamu
Hapo nimejifunza. Zamani tulipiga flashi usoni na macho yote yakatoka mekundu.

Mpira_na_Ndege
Hakuna aliyemtetea kaka mtu, acha nimtetee. 55-250mm f/4-5.6 IS STM ndiyo lenzi iliyonifundisha kusubiri. Mchana uwanjani, kwenye 250mm mtu aliye mita 20 anajaa kwenye picha, upana ni kama mita 1.8. Mahafali ya shule viwanjani, ngoma, mashindano ya ngalawa ukiwa ufukweni, huna mbadala wake kwa bei hiyo. Ila usiku ukumbini ni f/5.6, utarudi kwenye chenga zilezile. Kitulizaji chake kinazuia mkono wako kutetemeka, hakimzuii anayecheza kusogea. Kwa hiyo kama shughuli zako ni za ndani, iwe ya tatu.

Jambo moja ushike: utaonyeshwa 75-300mm III kwa bei ya kutupa na utaambiwa "hii inafika mbali zaidi". Haina kitulizaji, na kwenye 300mm picha zake ni laini, hazina makali. Ipite.

Kamera_ya_Harusi
Sawa, flashi nakubali. Lakini 50mm msiifute. Kuna mahali flashi hairuhusiwi au inaharibu hali, mfano bibi harusi anapopakwa hina karibu na dirisha. Ila dada, ukiipata usikae kwenye f/1.8 kwa kila kitu. Ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu, sehemu inayokaa kwenye fokasi ni kama sentimita 11. Mtu mmoja, sawa. Wakikaa safu mbili, safu ya nyuma imekwenda. Kwa kundi funga mpaka f/4 au f/5.6.

Fundi_Vioo
Na ukinunua ya mtumba, kwa kuwa upo pwani, ogopa fangasi kuliko mikwaruzo. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele mara nyingi hauonekani kwenye picha. Fangasi inakula koti la kioo na inaendelea. Washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, tazama kwa mbele ukiwa kwenye kivuli: ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, irudishe. Zungusha pete ya fokasi, usisikie mchanga. Ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, piga picha tano za karibu na tano za mbali pale pale dukani. Nyumbani usiihifadhi kwenye begi ndani ya kabati. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na vifuko vya silika (vya kunyonya unyevu) vilivyokaushwa, vinatosha.

Pia hakikisha hiyo 50mm imeandikwa STM, jina la mota yake mpya ya fokasi. Ile ya zamani, 50mm f/1.8 II ya tangu 1990, inafanya kazi, ila haisogei karibu zaidi ya sentimita 45 na mota yake inapiga kelele. Ya STM iliyotoka 2015 inafika sentimita 35.

Nikon_Thika
Dada, kabla hujatoa pesa, fanya jambo moja la bure. Fungua picha zako kwenye kompyuta, kila moja imeandikwa ilipigwa milimita ngapi. Hesabu.

Binti_Ngamiani
Nimerudi. Nimehesabu picha 212 za shughuli tatu. Zilizo kati ya 18mm na 28mm ni 131. Zilizo 50mm kwenda juu ni 58, karibu zote ni sura: mama mzazi, mtoto, mikono yenye hina. Katikati ndipo chache. Halafu leo nimebandika selotepu kwenye pete ya zumu pale kwenye 50, nikapiga sebuleni kwetu. Kuwapata mama na wadogo zangu wanne nilitoka mpaka barazani.

Kwa hiyo vyumba nitaendelea na 18-55 na flashi ya kuwekea nguvu kwa mkono, na sura nitazipiga kwa 50mm STM. Nimeipata moja ya mtumba kwa kijana wa hapa mjini, kesho nakwenda na tochi. Kaka nimemwambia asubiri msimu ujao. Swali la mwisho: Jumamosi ni nyumba ambayo kuta zote zimepakwa kijani. Ukuta hautawageuza watu rangi?

Fundi_Vioo
Utawageuza. Mwanga unaotoka ukutani unabeba rangi ya ukuta, na kijani kwenye ngozi ni kigumu kukiondoa baadaye. Tundika lile shuka juu ya ukuta mapema kabla wageni hawajaingia, kwa pini, kuanzia usawa wa kichwa kwenda juu. Piga picha moja ya jaribio ya mwenye nyumba, linganisha na kanzu au kitambaa cheupe alichovaa. Nyeupe ikitoka nyeupe, anza kazi.