Kwa nini wasimpe vidonge sasa hivi, mpaka kipimo cha jeni?

mama_subira: Jamani habari zenu. Mwanangu ana miaka 6, amepasuliwa uvimbe kwenye ubongo wakatoa kipande tu maana umekaa karibu na mishipa ya macho. Daktari katuambia kuna utafiti wa vidonge vinavyolenga jeni iliyoharibika lakini eti tusubiri majibu ya kile kipande. Kama dawa ipo si ampe tu tuone? Na nikishasaini nitajuaje mwanangu hamezeshwi unga mtupu huku uvimbe unakua?

kaka_maabara: Pole sana dada. Ila hapo kwenye kusubiri daktari yuko sahihi kabisa. Jeni yenyewe kwa uvimbe wa hivyo mara nyingi ni BRAF, na inaharibika kwa njia tofauti, kuna V600E, yaani badiliko dogo sehemu moja ya jeni, halafu kuna ile ya kuungana na jeni nyingine. Dawa ya dabrafenib inafaa V600E, ukimpa mwenye ile ya kuungana inaweza kuuchochea uvimbe badala ya kuuzima. Sio hadithi, kuna watoto walijaribiwa sorafenib, dawa nyingine inayozuia BRAF, uvimbe ukakua haraka mpaka utafiti ukakatishwa.

JuaKali77: Kuhusu unga mtupu: jaribio la dabrafenib na trametinib lilikuwa na watoto 110, wote wana V600E, 73 wakapewa hizo dawa mbili na 37 kemo ya kawaida (dawa za kuua seli za saratani), hakuna aliyeachwa bila dawa. Uvimbe ulisinyaa kwa 47% ya waliopewa mbili hizo, kwa kemo 11%, na wa kemo uvimbe ukiendelea waliruhusiwa kuhamia upande wa pili. Marekani wakaipitisha Machi 2023. Lakini huo ni utafiti mmoja, wa kwako muulize daktari kundi la pili linapewa nini, akuoneshe kwenye karatasi kabla hujasaini.

mama_subira: Kumbe!! hili la kuchochea hakuna aliyenieleza. Na madhara je?

baba_wawili: Wangu anatumia tovorafenib, nayo ni dawa ya kulenga BRAF, mara moja tu kwa wiki. Nywele zimegeuka rangi, yeye anacheka tu, mimi ndo nilishtuka. Kinachonisumbua ni kimo, hiyo dawa inaweza kupunguza kasi ya kukua kwa hiyo wanampima kila kliniki. Ulizia pia dawa ikisimamishwa itakuwaje maana uvimbe mwingine hurudi kukua, mimi nilisahau kuuliza nikalala macho wiki nzima.

mama_subira: Nimeandika yote kwenye daftari. Majibu Alhamisi.