Meseji za simu zinaweza kumwachisha mtu sigara?

Mnunuzi_Mwaloni: Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 56, nanunua dagaa hapa mwaloni Kirumba, Mwanza, na fegi navuta tangu 1993, pakiti kwa siku. Kaka yangu yuko Leeds, Uingereza. Kule mvutaji wa miaka 55 hadi 74 anaitwa kupimwa mapafu hata kama haumwi. Kaka kapimwa CT scan (picha ya kina ya kompyuta) ya mionzi kidogo, hajaondoka wakamkabidhi kwa mshauri wa kuacha sigara, sasa anatumiwa meseji kila siku. Huu ni mwezi wa nne hajagusa.

Mimi mwaka jana nilikwenda na kikohozi. Makohozi yakapimwa, TB hakuna, picha ya kifua safi. Kufika getini nikawasha moja ya kushangilia. Humo ndani hakuna aliyeniuliza navuta au sivuti.

Sasa hizo meseji ni kweli? Simu yangu kitochi. Na alfajiri boti za visiwani zikishusha magunia, kila mkono una fegi.

Nesi_wa_Zamu: Shikamoo baba. Hiyo picha isikupe kiburi, eksirei hukosa vivimbe vidogo. Wamarekani waliilinganisha na CT kwa wavutaji zaidi ya 53,000. Matokeo ya 2011 yakaonyesha kwa waliopimwa CT vifo vya saratani ya mapafu vilipungua kwa asilimia 20. Ila kipimo kinaiona saratani, hakiizuii.

Kitochi kinatosha kabisa. Uingereza walijaribu SMS za kawaida kwa wavutaji 5,800. Hamu ikikubana unatuma neno moja, unajibiwa papo hapo. Baada ya miezi 6 walioacha walikuwa asilimia 10.7, wasiopata meseji hizo, 4.9.

Ngosha_Igoma: Yaani katika mia, 89 bado wanapuliza? Huko ni kupoteza bando bure.

Nesi_wa_Zamu: Ngosha, ni zaidi ya mara mbili, na gharama ni SMS.

Mstaafu_wa_Fegi: Mzee mwenzangu, mimi nilitumiwa na binti yangu: "Baba, umevuta?" Kila saa kumi na moja asubuhi. Kumdanganya mtoto alfajiri yote ile, nilishindwa. Hamu yenyewe dakika tano tu, tafuna muhogo mbichi ipite. Na kiberiti usitembee nacho.

Mnunuzi_Mwaloni: Kiberiti nimempa kijana wa kupakia. Kaka nimemwomba awe ananirushia zake. Ya kwanza imeingia saa nane usiku, Kiingereza kitupu. Mke wangu anauliza ni nani huyo.