Sikio limeziba baada ya kuzama ziwani, matone niliyopewa hayasaidii

Fundi wa Igombe
Wakuu habari za humu. Mimi ni fundi wa mashine za mitumbwi, niko Igombe hapa Mwanza. Juzi wavu ulijizungusha kwenye propela, ikabidi nizame niukate kwa kisu. Kuibuka tu, sikio la kulia kimya. Nimeruka kwa mguu mmoja, nimelipigapiga kwa kiganja, maji yametoka kidogo lakini bado limeziba. Nikiongea najisikia kama niko ndani ya pipa.

Kwangu hili si dogo, maana mashine naitibu kwa kuisikiliza. Plagi moja ikikosa moto naijua kabla sijafungua kifuniko. Sasa hivi kijana ninayemfundisha kazi ndiye ananisikilizia, na kila sauti kwake ni "inakohoa".

Duka la dawa nilisema sikio limeziba, nikapewa kichupa cha matone. Natia asubuhi na jioni, sioni mabadiliko. Jirani anasema nitie mafuta ya sangara ya moto, mke wangu kakataa katakata. Niongeze matone au niache? Huwa natumia vijiti vya pamba kila nikioga, na nikijaribu mashine kubwa najaza pamba masikioni kuzuia kelele.

Sato Mbichi
Mafuta ya sangara kaangia mihogo mkuu. Na Pamba, timu yetu ya mpira, iache pale CCM Kirumba, sisi wenyewe inatutosha kwa presha.

Dada wa Dawa, Buzuruga
Kaka pole. Usiongeze hata tone moja kwanza. Chukua hicho kichupa, uache jina kubwa la mbele, usome yale maandishi madogo yanayotaja kilichomo ndani. Halafu nijibu haya: kuna maumivu? Damu au usaha? Kizunguzungu? Mvumo ulioanza ghafla? Umewahi kutobolewa au kupasuliwa sikio, au utotoni lilikuwa linatoka usaha? Una kisukari?

Fundi wa Igombe
Imeandikwa jentamaisini, ya macho na masikio. Maumivu hakuna, damu hakuna, kizunguzungu hakuna. Sukari sina. Ya utotoni nimempigia mama, anasema sikio halikuwahi kunisumbua, nilikuwa nasumbua mimi tu.

Dada wa Dawa, Buzuruga
Basi tatizo ndilo hilo. Jentamaisini ni antibiotiki, inaua bakteria. Nta ya sikio, ambayo naona ndiyo imekuziba, haiigusi kabisa. Ukitia chupa nzima, nta itakuwa imeoga tu. Mbaya zaidi, dawa ya jamii hiyo ikipita kwenye kiwambo cha sikio chenye tundu inaweza kuharibu usikivu moja kwa moja, ndiyo maana nimekuuliza habari za utotoni. Hapa kaunta mtu akisema "nipe dawa ya sikio" bila maelezo, akiuziwa ya kwanza iliyoko rafuni nani alaumiwe? Mimi namlaumu muuzaji, maana kuuliza ni kazi yake. Iache.

Ulivyoeleza, inaelekea ni nta. Ilikuwepo siku zote, pamba ikaishindilia ndani, ulipozama ikanywa maji, ikavimba, ikaziba tundu lote. Kwa kawaida nta hutoka yenyewe, ngozi ya ndani ya sikio huisogeza nje pole pole na taya likitafuna linasaidia. Kijiti kinairudisha ilikotoka.

Omba matone ya kulainisha nta kwa maneno hayohayo. Kuna yenye sodiamu baikaboneti ya asilimia 5, kuna yenye kabamaidi peroksaidi ambayo huchemka kama soda sikioni, na kuna mafuta ya zeituni. Usibabaishwe na bei. Uchambuzi wa mwaka 2018 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, haukupata ushahidi kwamba aina moja inaishinda nyingine, wala kwamba yanayouzwa yanashinda maji matupu au maji ya chumvi.

Mwenye aleji ya karanga au lozi asitie mafuta ya lozi. Mafuta ya moto asitie mtu yeyote, mke wako yuko sahihi.

Namna ya kutia: fumbata kichupa kiganjani dakika chache kipate joto la mwili. Watu wengi wanapuuza hapa. Dawa ya baridi, au ya moto, inakivuruga kiungo cha mizani kilicho sikio la ndani na unaweza kuona nyumba inazunguka. Wewe unafanya kazi kwenye mtumbwi, kwa hiyo tia ukiwa nyumbani. Usitie ukiwa ufukweni halafu ukarukia chomboni. Lala ubavu, sikio bovu juu. Mwambie shemeji alivute juu na nyuma kidogo, njia inyooke, adondoshe matone kadiri karatasi ya dawa inavyosema bila ncha ya kichupa kugusa ngozi. Abonyeze taratibu kile kinundu cha mbele ya tundu, dawa ishuke. Kaa hivyo dakika 5 hadi 10, kisha inuka, ufute kinachochuruzika nje. Usizibe kwa pamba.

Mafuta ya zeituni ni matone 2 au 3, mara 3 au 4 kwa siku, kwa siku 3 hadi 5. Ya kabamaidi peroksaidi usivuke siku 4. Mwanzoni unaweza kusikia vibaya zaidi kwa kuwa nta inavimba. Hilo lisikutishe. Ukipata maumivu au kizunguzungu kisichotulia, acha.

Mzee wa Nansio
Wanangu, mimi sikio langu la kushoto lilitoboka zamani kwa usaha. Niliwahi kutiwa matone, muda si mrefu nikasikia uchungu wa dawa kooni. Daktari aliponichungulia akasema ni tundu, dawa inapita mpaka kooni. Mtu akionja dawa ya sikio mdomoni asiendelee.

Dada wa Dawa, Buzuruga
Shikamoo mzee wetu. Asante, hiyo ni dalili ya kweli kabisa na wengi hawaijui. Mwenye tundu, mwenye vijibomba vilivyowekwa na daktari, aliyewahi kupasuliwa sikio, au anayetoka usaha, asijitibu kwa matone ya dukani. Aende akachunguliwe. Mwenye kisukari naye aombe ushauri kwanza, maana maambukizi ya sikio kwake yanaweza kwenda mbali.

Na jambo jingine kwa wote: sikio moja likikata ghafla bila sababu, hasa likiwa na mvumo au kizunguzungu, msikae wiki mnadondosha mafuta. Huenda si nta, ni mshipa wa fahamu, na dawa zake zinasaidia zaidi zikianza mapema. Hospitali siku hiyohiyo. Bugando wana kliniki ya masikio, pua na koo.

Binti Pasiansi
Dada, ile dawa inayotoa povu kwenye kidonda inafaa? Na mtoto wa miaka miwili je?

Dada wa Dawa, Buzuruga
Ile ya povu, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, wapo wanaoitumia, lakini inaweza kuwasha ngozi ya sikio na mwenye tundu haimfai. Mimi siiuzi kwa kazi hiyo. Mtoto wa miaka miwili mpeleke achunguliwe kwanza, watoto wanajua kuingiza punje ya mahindi na shanga. Punje ikinyweshwa matone inavimba na kutoa inakuwa kazi. Akiandikiwa matone, sikio lake linavutwa chini na nyuma, tofauti na la mtu mzima.

Fundi wa Igombe
Wakuu narudi na majibu. Nilichukua ya baikaboneti. Siku ya kwanza nikawa kiziwi zaidi, kama nilivyoambiwa. Ilivyolainika lakini haitoki, nikaenda kituo cha afya. Nesi kachungulia kwa kile kifaa chenye taa, akasema kiwambo hakionekani vizuri ila hakuna usaha, akampa daktari naye aangalie. Wakaosha kwa maji ya uvuguvugu kwa bomba. Kikatoka kipande cheusi kama kokwa ya ubuyu, kimeshikana na nyuzi nyeupe za pamba.

Jana nimewasha mashine ya mteja wa Kayenze, nikamwambia plagi ya juu, kijana akafungua, kweli imejaa masizi. Sasa kelele nizuie na nini kama pamba imekatazwa?

Dada wa Dawa, Buzuruga
Yale makubwa ya kufunika sikio lote kwa nje, wanayovaa wa viwandani. Ulizia maduka ya vifaa vya usalama kazini pale mjini. Na kijana mnunulie yake.