Milioni 14 kwa penalti moja: wenye gemu, zawadi hizi zinatuulia ligi

Wakuu, habari za muda huu.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo atakayekutana na neno kali humu anivumilie. Nililala nalo siku mbili nikidhani litapoa. Halijapoa.

Msimu uliopita kwenye gemu letu la umeneja wa mpira, lile la simu ambamo kila mtu anaendesha timu yake, nimemaliza wa pili. Mimi pointi 41, bingwa pointi 41. Yeye tofauti ya mabao +29, mimi +28. Mechi ya mwisho, dakika ya 88, naongoza 3-0, napata penalti. Ningefunga tungelingana tofauti, na kwa mabao ya kufunga nilikuwa mbele yake. Straika wangu ana umaliziaji 17 kati ya 20. Akagonga mwamba. Nikacheka peke yangu. Penalti hukoswa, hata wakubwa wamekosa.

Kicheko kiliisha asubuhi nilipofungua ukurasa wa fedha. Bingwa milioni 20. Wa pili milioni 6. Hela za humo ndani ya gemu, najua, haziliki. Lakini ndizo zinazonunua wachezaji, na milioni 14 ni nusu ya thamani ya kikosi changu chote. Mwamba mmoja.

Kabla sijaambiwa nalia kwa sababu nimekosa kombe: nimecheza misimu 14. Niliwahi kushuka daraja baada ya kumuuza kipa katikati ya msimu, ujinga wangu mwenyewe, na sikufungua uzi. Kufungwa nimezoea. Hili ni jambo jingine.

Wakongwe mnakumbuka. Bingwa alikuwa anapata milioni 6, wa pili 5, na ngazi inateremka taratibu mpaka wa kumi, aliyeondoka na milioni moja na nusu. Ukiwa wa saba ulikuwa na sababu ya kumkimbiza wa sita. Misimu mitatu nyuma likaja sasisho, tukaambiwa zawadi zimepandishwa ili kunogesha ushindani. Zikapandishwa kweli: bingwa 20, wa pili 6, wa tatu 4, wa nne 2, halafu kuanzia wa tano mpaka wa kumi kila mtu nusu milioni. Nusu! Mishahara ya kikosi changu kwa wiki ni laki nane na nusu. Msimu una wiki tisa. Unapambana wiki tisa, unamaliza wa tano, unapewa hela isiyolipa hata mishahara ya wiki moja.

Sasa sikilizeni lile bao moja lilikotoka, maana hapo ndipo damu inapochemka.

Kwenye ligi yetu ya timu kumi kulikuwa na mwenzetu mmoja mzuri tu, mtu wa mbinu, anayebadilisha mfumo kila mechi. Baada ya raundi ya 12 alikuwa wa saba, nyuma ya wa nne kwa pointi 11, zimebaki mechi sita. Akaandika kwenye ukuta wa ligi kwamba kati ya kumaliza wa tano na kumaliza wa kumi haoni tofauti, na ana kazi zinamsubiri. Akaaga kistaarabu kabisa, akaondoka. Timu ikachukuliwa na roboti, yaani kompyuta ya gemu.

Mnaijua roboti ya gemu hili. Haisajili, haijali majeruhi, inapanga 4-4-2 ile ile hata beki wa kati akiwa na kadi nyekundu. Inamtupa winga pale nyuma na maisha yanaendelea. Mimi nilicheza na timu ile raundi ya 3 na raundi ya 12, bado ina mwenyewe: 1-1, halafu 2-1 kwa jasho. Bingwa alikutana nayo raundi ya 6 ikiwa na mtu, akashinda 1-0 kwa kona. Raundi ya 15 akaikuta roboti. 8-0.

Yaani zawadi ilimfukuza mtu, mtu alipoondoka akaacha mabao manane barabarani, na mabao hayo yakaamua zawadi iende kwa nani. Halafu tunaambiwa ushindani umenoga.

Na hiyo milioni 20 ni mlango wa kwanza tu. Ukishakuwa bingwa, mkataba wa mdhamini wa msimu unaofuata unapangwa kwa nafasi uliyomaliza, kwa hiyo unalipwa tena. Mashabiki wanafurahi, uwanja unajaa, mapato ya mlangoni yanapanda, unalipwa mara ya tatu. Una hela, unanunua, unashinda, unarudi mwanzo. Matumizi je? Hayasogei. Mshahara wa mchezaji humu unafuata uwezo wake tu. Awe kwa bingwa awe kwa anayeshuka daraja, straika wa 17 analipwa kilekile. Kwenye mpira wa kweli ukitwaa ubingwa wakala wa mchezaji anabisha hodi kabla shampeni haijakauka, na bonasi zinakula sehemu ya zawadi. Humu bingwa halipi bonasi ya ushindi hata senti. Hela inaingia kwa bomba na kutoka kwa tone, halafu watu wanashangaa kwa nini bei za mnadani zimepaa.

Mnada wenyewe nisiuache. Siku tatu baada ya msimu kuisha niliwinda beki wa kushoto, miaka 22, kasi 15, krosi 14. Hiyo ndiyo nafasi iliyonigharimu mechi mbili kati ya tatu nilizopoteza. Nikaweka dau milioni 3.1. Kimya. Zimebaki sekunde 40, bingwa akaweka 3.4. Mfumo ukaongeza dakika tatu. Nikaweka 3.7, yeye 4. Nikafungua ukurasa wa fedha upande wa pili, nikapiga hesabu ya mishahara mpaka katikati ya msimu, nikajikaza, nikaweka 4.2. Hapo nilikuwa nimefika ukutani. Akaweka 5 moja kwa moja, bila kupepesa. Jana nikachungulia kikosi chake: yule beki yuko benchi, chaguo la tatu. Simlaumu. Ningekuwa na 20 mfukoni ningefanya hivyo hivyo.

Najua kuna mtu tayari anaandika kwamba hata mpira wa kweli uko hivyo. Ngoja nimalize.

Ligi Kuu ya Uingereza, ambayo wote tunaona ndiyo biashara kubwa, haigawi hela hivi. Tangu ilipoanza 1992, nusu ya fedha za televisheni za ndani hugawanywa sawa kwa timu zote, robo hufuata nafasi kwenye msimamo, robo nyingine hufuata mara ambazo mechi zako zimeonyeshwa. Walipokubaliana 2018 kwamba nyongeza za fedha za televisheni za nje ya nchi zifuate nafasi, waliweka na kamba: anayepata nyingi zaidi kwenye mgao asizidi mara 1.8 ya anayepata kidogo zaidi. Mara 1.8! Humu kwetu bingwa anapata mara 40 ya wa tano. Sijasema wa mwisho, nimesema wa tano. Leicester ilimaliza ya 14 mwaka 2015 na kutwaa ubingwa 2016. Kwa jedwali letu timu ya 14 ingekuwa inauza kipa.

Haya, mtasema Bayern. Kweli, Bayern walibeba Bundesliga mara 11 mfululizo, 2013 mpaka 2023, kabla Leverkusen hawajakata mnyororo 2024. Na bado viwanja vya Ujerumani vilijaa miaka hiyo, ukiacha kipindi cha korona. Kwa nini? Kwa sababu shabiki wa timu ya tisa haachi timu yake. Ni ya baba yake, ataenda nayo hata daraja la chini. Meneja wa gemu hana kifungo hicho. Timu yake aliianzisha mwenyewe kwenye simu, na simu hiyo hiyo ina kitufe cha kufuta. Kwenye mpira wa kweli anayeshindwa anabaki. Humu anaondoka, na akiondoka bingwa anabaki kucheza na roboti. Kila ligi ya watu kumi inahitaji mtu wa tisa, tena anayependa kuwa hapo kwa msimu mmoja akijipanga. Huyo ndiye mnayempa nusu milioni.

Sasisho hilo hilo limezaa na wajanja wa aina nyingine. Bingwa wa daraja la tatu anapewa milioni 12, na kule unaweza kutamba na kikosi cha nusu ya mishahara yetu. Kwa hiyo kuna watu wanashuka kwa makusudi. Kuna msimu nilicheza na mmoja aliyempanga kipa kuwa straika mechi nne mfululizo, nikampiga 6-0 nikajiona fundi, kumbe mwenzangu yuko kazini. Akashuka, akavuna huko chini, sasa anapanda na milioni zaidi ya 40 kibindoni. Ndiyo maana siungi mkono wale wanaotaka wa mwisho apewe nyingi ili asawazishe. Hapana. Ukilipa kushindwa, watu watashindwa. NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, walilijua hilo zamani: timu mbovu zilikuwa zinashukiwa kupoteza makusudi ili zipate kinda bora, ikabidi 1985 waanzishe bahati nasibu ya kuamua nani achague kwanza, na 2019 wakapunguza tena nafasi ya timu mbovu kuliko zote, zile tatu za mkiani zikawa na asilimia 14 kila moja. Hata hapo hawajamaliza kesi.

(Suala la almasi za kununua kwa hela halisi siligusi leo. Hilo lina uzi wake na nitatukana.)

Mimi ninachotaka ni kila mechi iwe na bei. Lipeni kwa pointi. Tuseme laki moja na nusu kwa pointi moja: mwenye 41 anapata milioni 6.15, mwenye 15 anapata 2.25. Bingwa muongezeeni 3 za heshima, apate 9 na kidogo, amezidi wote na hakuna wa kulalamika. Yule mwenzetu wa raundi ya 12 angekuwa na pointi 18 mbele yake za kugombea, yaani milioni 2.7. Ni beki mzuri huyo. Mtu haondoki akiacha beki mezani. Na anayepoteza makusudi anapoteza hela papo hapo, siku hiyo hiyo.

Mishahara ya timu bingwa ipande msimu unaofuata, hata kwa asilimia 10. Atabaki na nguvu ila itabidi afikirie kabla ya kuweka 5 kwa chaguo la tatu. Zawadi za madaraja ya chini zipungue zifanane na matumizi ya kule. Na kwa lile la mabao, timu zikilingana pointi tazameni kwanza mechi walizokutana wenyewe, kama wanavyofanya Hispania. Mimi na bingwa tulitoka 0-0 kwangu, nikamfunga 2-1 kwake. Sawa, hapo najipigia debe, lakini roboti ingekuwa haina la kusema.

Wako watakaosema hapo mnaua tamaa ya kushinda. Mimi nimeamka saa tisa usiku kubadilisha mfumo wa mechi ya kirafiki, sikuwa naamshwa na hela. Kombe likae kwenye ukurasa wa klabu, jina libaki kwenye ukuta wa ligi, jezi iwekwe nyota. Watu wanapigana kwa ajili ya nyota. Hela ikitosha kulipa mishahara, inatosha.

Haya yote nimewaandikia wenye gemu, kwa urefu, kwa adabu kuliko humu. Jibu lilikuja baada ya dakika nne. Wamenishukuru kwa mchango wangu na kunitakia msimu mwema. Dakika nne hazitoshi hata kuyasoma.

Ligi mpya imepangwa tayari. Timu kumi, roboti nne. Msimu uliopita tulianza na moja.

Jana usiku bingwa kanitumia ujumbe. Nilidhani anakuja kunitambia kuhusu yule beki. Ameandika: "Kocha, nimesikia unataka kuacha. Usiache, nitabaki nacheza na nani?" Halafu akaniuliza kama namtaka beki kwa milioni 3.

Sijamjibu. Kikosi cha raundi ya kwanza kinafungwa saa mbili usiku, na kushoto bado sina mtu.