Ujauzito umenibadilishia miguu na pua: je, hali hii itaisha?

Mama Kijacho, Moshi
Habari za jioni, wapendwa. Nina ujauzito wa wiki 31, wa kwanza. Kuhusu kichefuchefu nilionywa na kila mtu, lakini kuhusu miguu hakuna aliyenidokeza. Jumapili iliyopita nilijaribu kuvaa viatu vya sendofu yangu, namba 38, kisigino kikabaki nje kana kwamba ni vya mdogo wangu. Nikaenda kanisani na kandambili za mume wangu, na mama mkwe akanitazama miguuni tangu wimbo wa kwanza hadi sadaka. Isitoshe, pua imeziba ingawa sina mafua, na mimi ambaye sijawahi kukoroma sasa nakoroma hadi mume amehamia sebuleni, akidai kuwa chumbani kuna trekta. Je, ninunue viatu vipya au nisubiri?

Mama wa Watatu, Arusha
Hongera, mdogo wangu. Subiri kwanza ujifungue. Mimba yangu ya kwanza ilinitoa namba 39 ikanipeleka 40, na sijarudi tena. Mbili zilizofuata hazikuongeza kitu. Viatu vyangu vyote alivichukua wifi yangu, nami nikaanza upya kwa mitumba ya soko la Kilombero. Shukuru kwamba wewe hujapata mate. Mimba ya pili nilipanda daladala za Ngaramtoni nikiwa na kopo la siagi la kutemea, na siku moja konda alinipokea akalishika kwa adabu zote, akidhani nimebeba maziwa ya mgonjwa.

Baba Pacha, Sakina
Mume arudi chumbani. Mimi nilitia pamba masikioni kwa miezi minne na bado nipo.

Mkunga Mstaafu, Moshi
Binti yangu, mwili wa mjamzito hutoa homoni iitwayo relaksini, ambayo hulegeza kano za nyonga ili mtoto apate njia, lakini homoni hiyo haichagui mahali pa kufanyia kazi: kano za unyayo nazo hulegea, uzito ukiongezeka ule uvungu wa chini hushuka, na mguu hurefuka. Uvimbe wa maji hupungua baada ya kujifungua, ila urefu huo huweza kubaki. Pua nayo huziba kwa sababu damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, na mishipa midogo ya puani hutanuka. Lala kwa ubavu, uinue kichwa kidogo. Hata hivyo, usiache kumweleza mhudumu wa kliniki kuhusu kukoroma huko, apime shinikizo la damu. Na iwapo uso au mikono itavimba ghafla, kichwa kikauma sana au macho yakaona ukungu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, kwa maana huo huweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba.

Mama Kijacho, Moshi
Asanteni sana. Nimepimwa leo asubuhi, shinikizo liko sawa, na mkojo hauna protini. Mume amerudi na pamba zake. Jioni hii mama mkwe amepiga simu kuuliza kama zile kandambili zinanitosha, kwa sababu yeye aliolewa akivaa 37, akamzaa mume wangu, na tangu hapo anavaa 39.