Mama kaacha dawa ya kiungulia, kimerudi vibaya. Ni ya kumeza maisha?

Mtoto_wa_Makorora: Habari za jioni wakuu, niko Tanga hapa. Bi mkubwa wangu ana miaka 61, mwaka jana alipigwa kipimo cha kamera, ule mpira wa kumeza, wakakuta njia ya chakula imechubuka, karatasi imeandikwa gredi C na ngiri ndogo, ile ya tumbo kupanda kifuani. Akameza omeprazole wiki 8 akapona kabisa hadi achari akarudia, daktari akasema aendelee kimoja kila siku. Sasa jirani yetu mwenye duka la dawa kamwambia zinaua figo, mama akaacha siku hiyohiyo. Wiki haijaisha usiku nasikia anakohoa, namkuta kakaa kitako kitandani kanga mdomoni, maji machachu yanapanda mpaka puani. Sasa nani mkweli hapo? Na Ramadhani atameza saa ngapi?

chumanipwani: Mpe shubiri na asali asubuhi, hizo za hospitali zinakufanya mteja wao. Mjomba wangu kapona.

Mchanganya_Dawa: Mjomba alipigwa kamera kabla na baada au kapona kwa mdomo? Tusichanganye watu. Mkuu iko hivi, kidonda kilipona lakini ule mlango wa juu ya tumbo bado umelegea na ngiri haiondoki kwa kidonge, dawa inapunguza asidi tu, ukiacha inapanda tena kama zamani. Gredi za mchubuko ziko A mpaka D, A nafuu D mbaya zaidi. Wa A na B wengi hupunguziwa dozi au wakameza siku ikisumbua tu, ila C na D wakiacha wengi kinarudi ndani ya miezi, na kikirudirudi kovu linabana njia mpaka tonge la ugali linakwama. Kuacha ghafla nako kuna shida yake, tumbo linamwaga asidi kwa hasira wiki kadhaa. La figo jirani hajazusha, yapo, ila kwa wachache, na ukimeza miaka vitamini B12 na madini ya magnesiamu vinaweza kushuka, kwa hiyo anapimwa damu mara mojamoja na daktari anatafuta dozi ndogo inayomtosha, sio kuacha kwa maneno ya dukani. Halafu ameze nusu saa kabla ya chai, sio baada. Na muulize kama anatumia diklofenaki, ile ya maumivu ya magoti, mama zetu ndo zao hizo, nayo inachubua tumbo na inaweza kuumiza figo.

BintiSaadani: Pole mwanangu, mie nina mwaka wa 4 nazo. Ramadhani nafungua kwa maji, tende moja na kidonge, naswali Magharibi taratibu, nikimaliza ndo nakaa kwenye futari. Kinachonimaliza ni daku, unakula mihogo ya nazi halafu unajitupa kitandani, hapo hata umeze vidonge viwili utajuta. Kitanda chake weka tofali la inchi 6 kila mguu wa kichwani, usirundike mito, mito inamkunja tumbo tu. Ila muulize na daktari wake.

Mtoto_wa_Makorora: Daah ahsanteni sana, shikamoo mama. Nimefungua mkoba wake sasa hivi, diklofenaki pakti nzima na nyingine imebaki nusu, na kanunua kwa jirani huyohuyo!! Kesho nampeleka kwa daktari na vyote mkononi. Kitanda chake ni samadari ya bibi, kukinyanyua tutahitaji watu wanne, ila tofali zipo, jirani anajenga fremu ya pili.