Mbegu za QDS: kuna haja gani ya kumzuia mkulima mdogo kuuza nje ya wilaya yake?

Wakuu, salaam. Mimi ni mkulima wa maharage na kahawa huku Mbozi. Kikundi chetu kiliongeza uzalishaji wa mbegu za maharage juu ya kilimo cha kawaida, na kuna jambo nataka tulijadili bila matusi.

Kwa ambao hawako kwenye kilimo: Tanzania mbegu haiuzwi kiholela. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka mbegu ya biashara ithibitishwe na TOSCI, taasisi ya serikali ya kudhibiti ubora wa mbegu. Sisi wadogo tumewekewa njia nyepesi kidogo, mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, yaani QDS. Unajisajili, unaanza na mbegu ya msingi au iliyothibitishwa, shamba linakaguliwa, sampuli inapimwa. Sharti linaloniudhi ni kwamba mbegu hiyo unaiuza ndani ya wilaya yako tu.

Msimamo wangu: kwa maharage, mpaka huo uondolewe.

Nenda duka lolote la pembejeo uangalie rafu. Mahindi chotara yamejaa, kila kampuni na mfuko wake. Ulizia mbegu ya maharage, Uyole Njano au Lyamungo 90, uone utakavyozungushwa. Kampuni hazina kosa, zinapiga hesabu. Chotara ukirudia kupanda punje ulizovuna, mavuno yanashuka, kwa hiyo mteja anarudi kila msimu. Ua la maharage linajichavusha lenyewe, mkulima akinunua leo anaweza kurudia mbegu yake misimu kadhaa. Halafu eka moja inakula kilo 30 hivi za mbegu, na ukivuna 400 umejitahidi. Nani aweke mtaji wake hapo? Tumebaki sisi.

Na hatufanyi mchezo. Tunapanda Machi ili maganda yakauke mvua ikiwa imekatika, maana mvua ikiyakuta yamekauka, punje zinapata madoa na nyingine zinaotea humo humo. Tunapita mstari kwa mstari kabla ya maua, wakati wa maua, na maganda yakianza kubadilika rangi. Mche wenye ua la rangi tofauti, wenye ugonjwa wa batobato kwenye majani, au wa chule (madoa meusi) kwenye maganda, unang'olewa wote na kutolewa shambani. Kupiga ni juu ya turubai kwa fimbo nyepesi, kwa sababu punje iliyopasuka haioti vizuri. Kisha kipimo cha chumvi: chupa kavu, punje kiasi, chumvi kavu, tikisa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mbegu inarudi juani. Baada ya hapo akina mama wanachambua kwa mkono, na kila gunia linatoa karibu debe zima linaloishia jikoni. Zilizobaki zinaingia kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili fukusi wafie humo.

Sasa anakuja mtu ambaye shamba lake liko ng'ambo tu ya mpaka wa wilaya. Kumuuzia mbegu ni kosa. Anakwambia, "Basi niuzie kama ya kula." Ukimkubalia, anaondoka na mbegu ile ile, bila lebo, bila namba ya loti (fungu la mbegu lililopimwa pamoja), na kwa bei ya chakula. Hapo sheria imemlinda nani?

Mwenye duka la pembejeo, Iringa

Imemlinda huyo huyo mnunuzi, mkuu, ila humuoni kwa sababu unajiangalia wewe mwaminifu. Mimi niko dukani, nimeona mahindi ya kula yaliyopakwa rangi yakaingizwa kwenye mfuko mzuri. Ndiyo maana siku hizi mteja anakwangua lebo na kutuma namba kwa simu kabla hajatoa hela.

QDS asili yake ni utaratibu wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ambao mkaguzi hapaswi kufika kila shamba. Anaangalia sehemu tu, kama asilimia 10, mengine anamwachia mzalishaji na jina lake. Kijijini jina linafanya kazi. Mbegu yako isipoota Mbozi, watu wanajua mlango wako, na kanisani mtakutana. Gunia lako likifika Sumbawanga na lisiote, yule mama aliyepoteza msimu anamfuata nani? Wilaya mmepewa kwa sababu hiyo. Ukitaka soko la nchi nzima, thibitisha kama kampuni.

Mkulima wa mihogo, Geita

Nakubaliana na wa Iringa, na sababu yangu ni kali kuliko yake. Huku tunazalisha pingili za mihogo kwa QDS. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia uliandikwa kwa mara ya kwanza Amani, Tanga, miaka ya 1930. Leo unatutesa Kanda ya Ziwa. Inzi weupe wanausogeza shamba kwa shamba, lakini safari ndefu unapakiwa na binadamu kwenye gari, ndani ya pingili. Shina linaweza kuonekana zuri kabisa, majani ya kijani, unachimba unakuta kiazi kimeoza kikavu ndani, hakiliki hata na nguruwe. Mkiondoa mipaka, mtatuua.

Mchangiaji kutoka Machakos, Kenya

Nawasoma nikishangaa kidogo. Kwetu, kwa kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa, sheria iliweka faini ya hadi shilingi milioni moja za Kenya au kifungo cha hadi miaka miwili. Mwaka 2022 wakulima 15 wakaenda kortini, na Novemba 2025 Mahakama Kuu hapa Machakos ikasema vifungu vinavyozuia wakulima kubadilishana na kuuza mbegu zao za asili vinakiuka Katiba. Nyinyi mnabishania wilaya, na mnaongea aina zilizosajiliwa peke yake. Kunde za nyanya yangu, yaani bibi, ziko wapi kwenye huo mjadala wenu?

Mleta mada

Niwajibu kwa pamoja.

Ndugu wa Geita, umeniweza. Kwa mihogo mpaka ubaki, na mimi ningeubana hata zaidi ya wilaya. Viazi mviringo vivyo hivyo, mnyauko unasafiri ndani ya kiazi. Ila usiyafunge maharage kwa kosa la mihogo. Maharage nayo yana magonjwa ya kwenye mbegu, sikatai, lakini chule unaiona kwa macho kwenye ganda na maabara inaipata. Kanuni ziandikwe kwa zao. Mstari wa wilaya ulichorwa kwa ajili ya utawala, haukupimwa kwa ugonjwa wowote.

Wa Machakos, hapo umegusa penyewe. QDS ya kwetu inataka aina iliyosajiliwa, kwa hiyo kunde za bibi zinabaki nje. Kuzipanda mwenyewe hakuna anayekuzuia, kuziweka sokoni kama mbegu ndipo penye shida. Mimi naona zinastahili rejista yake nyepesi, ila sitaki tuzifunge pamoja na hoja yangu, zikazama zote mbili.

Wa Iringa, hoja yako ya jina ndiyo nzito. Napendekeza hivi: QDS ya maharage inayotoka nje ya wilaya, kila loti ipite maabara, na lebo iwe na namba ya loti na simu ya kikundi. Ya ndani ya wilaya ibaki kama ilivyo.

Mwalimu, Njombe

Mbona hakuna anayesema hela? Nina eka mbili na nusu, nataka kuanza. Inalipa?

Mleta mada

Mwalimu, inalipa, ila inachelewa. Unavuna Juni, mteja wa mbegu anakuja Februari. Miezi yote hiyo mzigo umekaa ndani, ada za shule zinagonga na kikoba kinadai. Wengi wanaoshindwa hawashindwi shambani, wanashindwa Septemba, wanapouza mbegu kwa bei ya chakula. Tenga eka moja tu ya mbegu, nyingine lima ya kuuza mapema. Januari chukua punje 100, zioteshe kwenye mchanga mbichi. Zikiota chini ya 80, pika. Usimuuzie mtu.

Mwenye duka la pembejeo, Iringa

Kila loti maabara, sawa, lakini gharama ya sampuli kwa kikundi chenye gunia nane ni ile ile ya mwenye gunia themanini. Mtaziweza?

Mleta mada

Peke yetu hatuziwezi. Vikundi vya kata moja vikilima aina moja kutoka chanzo kimoja vikakusanya mzigo, vinaweza kupimwa kama loti moja. Mkaguzi wa mbegu aliyeidhinishwa yuko wilayani tayari, kinachokwama ni mafuta ya pikipiki.

Mwenye duka la pembejeo, Iringa

Na kikundi kimoja kikichanganya ya kula humo ndani?

Mleta mada

Loti nzima inakataliwa, tunapata hasara wote. Ndiyo maana nataka nikae nao kikao kabla ya Machi, si baada ya mavuno.